Robo Milimita ya Mtani

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, jirani yangu mchomeleaji aliingia karakanani kwangu bila hodi, akachukua kitofali kimoja cha chuma kati ya viwili vilivyokuwa juu ya meza ya mashine, akakiweka utosini kama mzigo na kuanza kuchechemea kuelekea mlangoni.

"Mpagazi, mzigo wako nimeukamata," alisema. "Ukiutaka, toa hongo ya njia."

"Rudisha. Nina kazi."

"Eti ana kazi! Babu yako hakuwa na haraka namna hii. Alitembea miezi mitatu kutoka hapa Tabora mpaka kwetu pwani, pembe ya ndovu begani, na alipofika tukampa upande wa kaniki akacheza ngoma siku saba."

"Na babu yako alikuwa amekaa njiani anamwuzia maji ya mto."

"Tena kwa bei nzuri! Chai na chapati mbili, mpagazi, ndipo uone mzigo wako."

Akatoka nacho. Nilikuwa nimeshika spana, nikicheka kidogo kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nikaendelea kukaza bolti.

Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Baba yake aliletwa Tabora na reli, na yeye mwenyewe amezaliwa hapa, anajua mitaa ya mji huu kuliko mimi niliyekuja kutoka Lusu nikiwa mtu mzima. Lakini utani wa watu wa pwani na watu wa huku ni wa tangu enzi za misafara, na hauulizi umezaliwa wapi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wateja. Anaweza kuchukua kofia yako, kuku wako, kiti chako, na akakurudishia baada ya kukombolewa kwa kitu kidogo. Sheria ni moja tu: hukasiriki. Anayekasirika ndiye mkosaji, na hutozwa.

Nimeishi na sheria hiyo miaka mingi na nimefaidika nayo pia. Nimewahi kumchukulia ngazi yake siku mbili. Sikuona ubaya wowote. Leo nikiikumbuka ile ngazi naikasirikia nafsi yangu vilevile.

Nieleze vile vitofali ni nini, maana bila hivyo hasira yangu itaonekana ya mtu asiye na kazi.

Nina mashine ndogo ya kuchonga chuma. Niliinunua ikiwa imeshatumika sana, baada ya kuacha ukarani wa ghala la tumbaku, na nikajifunza kuitumia mwenyewe kutoka kwenye vitabu vya mitumba vyenye michoro mingi, kamusi ikiwa pembeni. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyenifundisha vibaya. Kila jambo nimelijua kwa kulikosea mara moja na kuliandika.

Jambo la kwanza nililoandika ni hili: chuma chenye pembe za mraba kinashikika chenyewe, chuma cha mshazari hakishikiki. Jiliwa lina taya mbili zilizo sambamba. Ukiweka kati yake kitu chenye pande mbili sambamba, linakibana hadi unaweza kukinyanyulia mashine nzima. Ukiweka kitu kilichoinama, taya zinakigusa kwenye kingo tu. Kinaonekana kimeshikwa. Kikatio kikigusa, kinaruka. Kwa hiyo ukitaka kuchonga mshazari, huinamishi kikatio, unainamisha chuma, na ili kiiname sawasawa unakiegemeza kwenye kitu ambacho tayari kina mshazari uleule. Ndiyo kazi ya vile vitofali. Kila kimoja kina urefu wa sentimita nne, mgongo wake umelala kwa nyuzi kumi na tano. Upande wa pili, kati ya taya na chuma, unaweka kipande cha nondo nyembamba ya mviringo, ili taya isukume mahali pamoja tu na chuma kilale kabisa kwenye mgongo wa kitofali. Kazi zote za pande za mraba, pamoja na matundu, unazimaliza kabla ya mshazari, kwa sababu baada ya mshazari huna tena pa kushika.

Kwa chuma kirefu ninatumia majiliwa mawili madogo, moja kushoto na moja kulia, kila moja na kitofali chake. Kwa hiyo vitofali lazima vilingane. Hivi vyangu nilivichonga pamoja, vikiwa vimebanwa pamoja kama kipande kimoja, nikavimaliza kwa tupa na msasa juu ya kioo cha dirisha kwa siku tatu. Havikuwa na bei. Huwezi kuvikuta dukani hapa Tabora hata uwe na fedha mkononi.

Wiki ile kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya mzee mmoja seremala, mwenye karakana ya mbao Igalula, nje ya mji. Mashine yake ya randa ina mhimili unaozunguka, na kwenye mhimili kuna mifereji mitatu. Kila mfereji una kisu chenye urefu wa sentimita ishirini na tano na kabari inayokikaza kisu hicho kisitoke. Kabari zake za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, na mtu mmoja alikuwa amemwekea vipande vya bati la gari ili zikaze. Aliponionyesha vile vipande vya bati niliviweka kwenye kiganja changu nikavigeuza kwa kidole. Mhimili ule unazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na visu vinazunguka kuelekea kwa anayesukuma mbao. Kabari ikiachia, kisu kinatoka na kumfuata yeye, kifuani au tumboni. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako, fundi. Wengine wananiambia inatosha."

Neno hilo, inatosha, ndilo ninalolichukia kuliko matusi yote ya Kiswahili.

Nilipima mifereji yake mitatu, nikakuta nyuzi kumi na tano. Nikakubaliana naye kutengeneza kabari tatu, na nikaongeza ya nne ya akiba kwa faida yangu mwenyewe, kwa sababu kila mara huwa natengeneza moja zaidi.

Saa sita kasoro robo mtani alirudi. Nilikuwa nimeshamaliza pande za mraba na matundu. Aliingia akiwa amekifunga kitofali kwa kipande cha gazeti, amekibeba kwa mikono miwili kama anapeleka mahari.

"Chukua, mpagazi. Nimekihurumia. Tena nimekuogeshea, kilikuwa kichafu kama miguu yako."

Nilikifungua. Kilikuwa kinang'aa na kina oili safi. Nilikuwa nimekingoja karibu saa tatu. Nilimlipia chai na chapati mbili, nikakipangusa, nikakiweka kwenye jiliwa la kulia.

Niliona kwamba kinang'aa. Naliandika hili kwa sababu ni la kwangu. Niliona kinang'aa kuliko mwenzake, na nilifurahi.

Kila Jumatatu asubuhi ninapima vipimo vyangu vyote juu ya kioo, kimoja kimoja, na kuandika kwenye daftari. Nimefanya hivyo bila kukosa, hata wiki ya msiba wa mama. Jumatatu ile nilipima na vitofali vilikuwa sawa. Siku iliyofuata nilikuwa na uhakika wa mtu aliyepima jana. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa ambalo mtu mzembe asingeweza kulifanya, kwa sababu mtu mzembe hana siku ya kupima, na huenda angetupia jicho.

Nilichonga kabari nne mchana ule. Kila moja niliipima ikiwa bado imebanwa, upande wa kushoto ambako kipimo kinafika vizuri. Nyuzi kumi na tano, zote nne. Saa kumi na moja jioni mzee alipita kuchukua zake tatu, akanilipa, akaondoka na gari la kuelekea kwao.

Siku ya pili, saa nne na nusu, nilikuwa na kazi nyingine, kipande kifupi cha mguu wa mashine ya kukoboa mpunga. Kwa kuwa kilikuwa kifupi, niliviweka vitofali vyote viwili pamoja kwenye jiliwa moja na kulaza kipande juu yake kwa kidole kabla ya kukaza. Kikacheza. Niligusa pembe ya kushoto, kikagonga. Niligusa ya kulia, kikagonga tena.

Nilivitoa, nikaviweka juu ya kioo vikitazamana na dirisha, nikalaza rula ya chuma juu ya migongo yote miwili. Kwenye cha kushoto rula ililala. Kwenye cha kulia mwanga ulipita chini yake upande mmoja. Nilikigeuza. Chini, mahali ambapo mtu hatazami, kulikuwa na mikwaruzo ya grenda, iliyopigwa msasa juujuu. Nusu milimita ilikuwa imeondoka upande mmoja.

Sikukasirika bado. Mtu hukasirika akipata nafasi. Nilichukua ile kabari ya nne, ya akiba, nikailaza juu ya kioo na kugonga pembe zake nne kwa kucha. Ilikuwa inacheza. Ilikuwa imejikunja kama ubao uliokauka juani.

Nikaelewa kilichotokea. Jiliwa la kushoto lilikilaza chuma kwa nyuzi kumi na tano, la kulia likakilaza kwa pungufu kidogo, na mimi kwa mikono yangu nikayakaza yote mawili, nikakikunja chuma bila kujua. Kikiwa kimebanwa kilichongwa kikanyooka. Kilipoachiwa kikarudi kwenye umbo lake, na ule mshazari ukapinda. Upande wa kushoto, ambako nilipima, ulikuwa sahihi. Upande wa kulia kabari ingegusa kisu kwenye ukingo mmoja tu, na kwingine kuacha nafasi ya robo milimita. Bolti zingekaza. Mkono ungesema imekaza. Ingekuwa sawa na vile vipande vya bati, ila hii ilikuwa imelipiwa, na ilikuwa na jina langu.

Nilimpigia mzee simu. Haipatikani. Huizima akiwa kazini, kwa sababu mashine ikilia hasikii na betri inaisha bure. Alikuwa ameniambia ataziweka asubuhi na kuanza milango ya mteja wake baada ya adhuhuri. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Nilifunga karakana, nikachukua bodaboda. Dereva alitaka kwanza kujaza mafuta, kisha akataka kupita kwake kuchukua jaketi. Nilimwambia kwamba kuna mtu anaweza kufa. Akaniangalia, akasema, "Basi ungesema mapema, mzee," na hakupita kuchukua jaketi. Reli ilikuwa mara upande huu wetu, mara upande ule, vumbi la malori likituingia mdomoni, na mimi kichwani nilikuwa napanga namna mzee anavyosimama mbele ya ile mashine. Ni mtu mfupi. Meza ya mashine inamfika tumboni. Nilijaribu kukokotoa ni bolti ngapi zingelegea kwanza, na kila hesabu iliishia palepale.

Niliisikia mashine kabla ya kuiona. Mlio wa randa tupu ni mwembamba na wa sawa. Ule niliousikia ulikuwa na kitu kingine ndani yake, mdundo mdogo unaorudia. Nilishuka bodaboda haijasimama. Mzee alikuwa kibandani, ameshika ubao wa mninga, anausogeza kuelekea kwenye visu. Mteja wake, mwenye nyumba, alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao akila karanga.

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima mashine!"

Hakusikia. Nilipita nyuma nikashusha swichi kubwa ukutani.

Mhimili ulichukua muda mrefu kusimama. Mzee aligeuka akaniona, na uso wake ulibadilika polepole kutoka mshangao kwenda kwenye kitu kingine.

"Hujanisalimia," alisema, "na unanizimia mashine mbele ya mteja."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, sasa eleza."

"Usiwashe tena. Kabari zimepinda."

"Zimepinda nini? Nimezikaza mwenyewe. Mbao moja imepita, hii ya pili."

"Nionyeshe hiyo ya kwanza."

Mteja aliinuka akaileta yeye mwenyewe. Ubao ulikuwa laini, mwekundu, mzuri, isipokuwa kwamba upande mmoja kulikuwa na mfuo ulioanza hafifu na kuzidi kina hadi mwisho. Mzee alikuwa ameuona. Alidhani amekosea kupanga kisu na angesahihisha baadaye. Nilichukua rula nikaiweka kwenye mhimili. Upande wa kulia kisu kilikuwa kimeshatoka milimita mbili. Kwa ubao mmoja.

Nilimwomba masizi. Mkewe alileta sufuria ya chai, tukakwangua masizi chini yake, nikayachanganya na oili na kuupaka ukuta wa mfereji. Nikarudisha kabari, nikakaza bolti zote kama alivyokuwa amekaza yeye, nikazilegeza tena na kuitoa. Nikaiweka kwenye kiganja chake. Kushoto ilikuwa nyeusi uso mzima. Kulia kulikuwa na mstari mweusi mmoja, mwembamba kama wa kalamu ya risasi.

Mzee aliutazama mstari ule. Kisha alishika tumbo lake kwa mkono mwingine, palepale meza inapomfika, nadhani bila kujua kwamba amelishika.

"Wewe ndiye uliyezitengeneza," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulipima."

"Nilipima. Sikupima sawasawa."

"Basi nataka nyingine. Na ubao wangu huu umeharibika, na huyu bwana nimemwahidi milango kwa Jumamosi."

"Nitalipa ubao. Kabari utazipata kesho kutwa, bila malipo. Nitakuja kuzifunga mimi."

Mteja alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Lakini mzee, kama hiki kimetoka milimita mbili tu, si unaweza kumalizia milango yangu taratibu? Ni miwili tu."

Sitarudia nilichomjibu. Mzee ndiye aliyenishika mkono.

Nilirudi Tabora jioni. Kesho yake asubuhi nilimkuta mtani kwenye benchi la mama anayetuuzia chai sisi mafundi wa safu yetu. Alikuwa na vikombe viwili mbele yake, kimoja changu, maana alikuwa amesikia nakuja.

"Mpagazi! Nasikia jana ulikimbia kilomita zote zile. Damu haidanganyi!"

Niliweka kitofali juu ya benchi kati ya vikombe, upande wa chini ukiwa juu.

"Ulikifanyia nini hiki?"

"Si nilikuambia? Nilikuogeshea."

"Ulikifanyia nini?"

Aliona sicheki. Akaeleza kwa wepesi, kama anasimulia safari ya sokoni: alikuwa anachomelea bawaba za geti, akakosa cha kuegemezea, akakitia kitofali changu chini. Cheche za moto zikakiganda. "Nikaona aibu kukurudishia kikiwa na vipele. Nikakipitisha kwenye grenda kidogo, nikakipiga msasa, nikakipaka oili. Mtu anakusafishia chombo, wewe unamjia juu!"

"Umeondoa nusu milimita."

"Nusu milimita! Jamani, mnamsikia? Mama, nusu milimita inajaza kijiko?"

Watu walicheka. Nikaeleza. Nilieleza polepole, jambo kwa jambo: kitofali, jiliwa la kulia, chuma kilichokunjika, kisu kilichotoka milimita mbili, tumbo la mzee. Nilipofika kwenye tumbo kicheko kilikuwa kimekwisha, ila kwake yeye kilibaki mdomoni kama kitu alichosahau kutema.

"Lakini si ulifika? Si mzee yuko mzima?" aliuliza.

"Ukiwa na kazi ya chuma, unajua kwamba kipimo cha mtu hakitiwi moto. Wewe ni fundi. Ulijua."

"Nilijua ni chako. Angekuwa mtu mwingine ningemwomba ruhusa."

Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa, na hapo ndipo hasira yote iliyokuwa inangoja tangu jana yake ilinifikia. Alikuwa amesema kweli. Kwa mtu asiye mtani wake angebisha hodi, angeuliza hiki ni cha nini, na huyo mtu angemjibu acha, hicho ni kipimo. Utani ulikuwa umemwondolea haja ya kuuliza, na mimi ukaniondolea haja ya kukagua, maana kukagua mbele yake kungekuwa kama kumnunia. Sote wawili tulikuwa tumefanya adabu. Adabu ile ilipelekwa Igalula na gari la jioni, ikafungwa kwa bolti mbele ya tumbo la mzee mwenye umri wa kunizaa.

"Utanilipa," nilisema. "Chuma, nauli, ubao wa watu, siku zangu mbili."

Mama wa chai aliacha kukanda unga. Ni mtu mzima, na kwenye safu yetu neno lake husikilizwa.

"Baba, mtani hadaiwi."

"Huyu namdai."

"Hadaiwi. Na hanuniwi. Umenuna mbele ya watu, sisi wote tumekuona. Wewe ndiye wa kutoa, chai ya benchi zima, halafu yaishe."

"Mtu angekufa, mama."

"Hakufa. Angekufa tungesema mengine."

"Kuanzia leo," nilimwambia yule mchomeleaji, "mimi si mtani wako."

Fundi baiskeli wa jirani aliacha kugonga. Jirani yangu alisukuma kikombe changu mbele yangu, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza bila mzaha.

"Huwezi. Huu si wako kuufuta, kaka. Ulikuwepo kabla yako na kabla yangu. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini siku ukifa nitakuja kwako, nitalala kaburini mwako wasikuzike, na watanipa fedha nitoke."

Nilihesabu watu waliokaa, nikalipa chai ya kila mmoja, nikaondoka bila kunywa yangu.

Siku ile na nusu ya iliyofuata nilichonga vitofali vipya, kisha kabari tatu. Kila kabari niliipima mara mbili, ikiwa imebanwa na ikiwa imeachiwa, ncha zote mbili. Niliziwekea masizi kwenye mifereji ya mzee mwenyewe, Igalula, Ijumaa alasiri, na alama ilikuwa nyeusi uso mzima, kulia na kushoto, zote tatu. Mzee alitazama kila moja kabla sijaikaza. Hakuniambia asante, na sikutarajia. Aliwasha mashine akasimama pembeni badala ya mahali pake, akapitisha ubao kwa mkono ulionyooshwa kabisa, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini. Alipomaliza aliniuliza kama mimi mwenyewe ningesimama pale mbele. Nikasimama. Nilipitisha mbao sita. Ya saba aliichukua mwenyewe.

Mchomeleaji hupita mlangoni kwangu kila asubuhi na bado ananiita mpagazi. Namjibu salamu tu. Watu wa safu wanasema nina roho ngumu, na kwamba mtu anayeweza kuhesabu robo milimita hawezi kuishi na wenzake. Mlango wangu sasa una komeo kwa ndani, na anayetaka kuingia anabisha, awe nani. Wateja wawili wameona ni dharau wakahamia kwingine. Sikuwahesabu, kwa kuwa sijui wangeleta kazi gani.

Yale mengine niliyopoteza nimeyahesabu. Pale benchini hakuna aliyetaka kuyasikiliza, kwa sababu mtani hadaiwi. Lakini hapa hakuna wa kunitoza kwa kununa, kwa hiyo nayaandika: chuma cha kabari na cha vitofali, bodaboda kwenda na kurudi mara mbili, ubao mmoja wa mninga, chai ya watu tisa, na kazi ya siku mbili na nusu ya wateja wengine, niliyowarudishia wenyewe bila kuigusa. Jumla ni shilingi laki mbili na elfu kumi na tatu.